Nyuma ya Bendi Kuna Nguzo

Oya, stori hii inaanza na picha moja ya kitambo, nyeusi na nyeupe, saizi ya kadi ya posta, pembe moja imeliwa na mende. Masela sita wamesimama. Bugaluu zimewamwagikia mpaka zimemeza raizoni, nywele zimefumuka, kola za mashati zimelala mabegani. Wawili wameshika magitaa. Hakuna anayecheka. Nyuma yao kuna ukuta mfupi wa mawe, na kwenye ule ukuta imechomoza nguzo, imewapita wote kwa urefu.

Picha ni ya marehemu babu yake mshkaji wangu. Mzee alikuwa anakung'uta besi kwenye bendi ya mtaani miaka ya 1970, bendi ambayo haikuwahi kuingia studio hata siku moja. Hakuna santuri, hakuna kanda, redioni hawajulikani. Kilichobaki ni hiyo picha, ilikuwa imechomekwa kwenye kioo cha kabati pale kwao Tandika. Mzee alipofariki, mshkaji akaichukua. Yeye ni mchanaji, mimi ni mpiga picha. Kamera yangu mtumba, lenzi moja, lakini ndo inayolipa kodi ya geto. Akaniambia: "Mwanangu, ngoma yangu mpya nataka kava liwe hivi hivi. Nisimame pale pale alipokuwa amesimama babu. Lokesheni ile ile."

Nikamuuliza, "Wapi?"

"Makaburini."

"Makaburi gani?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Kinondoni si ndo makaburi?"

Na hapo ndo nimtetee kidogo, maana kwa mtu wa Dar hilo jibu lina mantiki. Ukisema makaburi bila kutaja jina, nusu ya mji unawaza Kinondoni. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, aliagwa viwanja vya Leaders na kuzikwa hapo Kinondoni tarehe 10, na waliokuwepo mjini siku ile wanajua barabara zilivyofunga. Mwaka uliofuata, Juni 2013, akalala hapo Langa Kileo, yule mchanaji wa kundi la Wakilisha, watatu waliotoka kwenye shindano la Coca-Cola Popstars: Langa, Witness na Shaa. Sisi tuliokua tukichana mistari ya Langa kwenye vijiwe vya Temeke, Kinondoni kwetu ni sehemu ya muziki. Leaders wanapiga shoo, na kutoka Leaders mpaka makaburini si mbali. Wengine wameipiga safari hiyo ya mwisho wakiwa wamebebwa na mashabiki wao wenyewe.

Basi Jumamosi moja asubuhi tukaenda. Nilikuwa na ile picha nimeipiga kwa simu, nimeivuta mpaka chembe zake zinaonekana. Tukaingia kwa adabu, tukamsalimia mzee anayefagia pale, tukamwonyesha. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Wanangu, hapa hamna kitu kama hiki."

Na kweli. Kinondoni ni saruji, vigae na marumaru. Misalaba, vibao vya majina, picha za marehemu zimebandikwa, maua ya plastiki yamepauka kwa jua. Makaburi yamebanana, unatafuta pa kuweka mguu. Kwenye picha yetu kuna uwazi, kuna jiwe lisilo na herufi inayosomeka, kuna ile nguzo. Nikakaa kwenye kivuli cha mti nikaelewa kwamba tumetafuta picha kwa kutumia umaarufu wa mahali, wakati picha yenyewe ilikuwa na maneno yake na hatujaisikiliza.

Maana hata hiyo imani kwamba wanamuziki wote wa mji huu wamelala Kinondoni si ya kweli. Dokta Remmy Ongala, jamaa aliyetoka Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy kabla hajawasha moto na Super Matimila, alifariki Desemba 2010 na kuzikwa Sinza, mtaa ule ule wenye kituo ambacho konda mpaka leo anakiita "kwa Remmy". Huyu ndo aliyeimba wimbo unaoitwa "Kifo", akazungumza na kifo chenyewe uso kwa uso. Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, yuko Mzenga, Kisarawe. Muhidin Gurumo wa Msondo, aliyetutoka Aprili 2014, naye yuko Kisarawe, kijijini Masaki. Wakongwe wengi wa dansi waliopigia Dar maisha yao yote walirudishwa kwao. Hilo lilitakiwa linishtue mapema: mwanamuziki anaweza kuwa wa mjini, kaburi lake likawa la ukoo.

Kijiweni ikaanza kesi. Kila mtu ana makaburi yake. Kuna bro mmoja, dereva wa bajaji, akakomaa: "Hayo ni makaburi ya Wazungu, yale ya Bagamoyo Road. Kuna ukuta wa mawe pale, nimepita mara mia." Alikuwa anazungumzia makaburi ya vita, kama kilomita 5 kutoka katikati ya mji ukielekea kaskazini. Nikaenda. Na ingawa hapakuwa penyewe, sijutii hata nauli, kwa sababu pale nilikutana na mwaka ambao ulikuja kunikaa kichwani.

Mwaka 1968. Makaburi yale hayakuwa pale kabla ya hapo. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamezikwa Ocean Road, ile barabara ya ufukweni ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama. Mwaka 1968 ikatakiwa kujengwa barabara mpya, ikabidi makaburi 660 yahamishwe. Na kwa kuwa kule Ocean Road hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja, askari walipohamishwa wakazikwa kwa pamoja, makaburi ya wengi, na kila kaburi likawekewa ukuta wa kumbukumbu. Ndo ukuta ambao jamaa wa bajaji alikuwa anauona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi ambako hakukuwa tena na uhakika wa kuyatunza.

Nilisimama pale, nyasi zimenyolewa, kimya kabisa, magari yanalia nje. Nikawaza wapagazi wetu, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo. Walikufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Sanamu ya Askari pale mjini imesimama tangu 1927, lakini wengi wa wale wabebaji hawana hata jiwe. Unaweza ukapiga picha ya bendi juu yao popote nchi hii na usijue.

Sasa huo mwaka 1968 una ndugu yake kule London. Jumapili ya tarehe 28 Julai 1968, The Beatles walizungushwa mji mzima na wapiga picha, akiwemo Don McCullin, jamaa aliyezoea kupiga picha za vita. Kituo kimojawapo kilikuwa uwanja wa kanisa la zamani la St Pancras, ambao ni makaburi ya karne nyingi. Picha moja ya hapo inajulikana duniani: wale jamaa wanne wamejichanganya na wapita njia, watoto na watu wazima, nyuma ya uzio wa vyuma. Ikatumika ndani ya makava ya zile albamu mbili za mkusanyiko zilizotoka 1973, moja nyekundu, moja ya buluu. Kuna watu wameinunua ile santuri, wakaitazama ile picha miaka nenda rudi, wakadhani ni bustani tu.

Na si bustani tu. Miaka ya 1860 njia ya reli ilipitishwa kwenye ardhi ya kanisa lile. Makaburi yakafukuliwa, na kijana mmoja aliyekuwa anajifunza usanifu majengo akapewa kazi ya kusimamia ufukuaji. Jina lake Thomas Hardy, ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa riwaya. Mawe ya makaburi yakapangwa pamoja, baadaye mti ukaota kati yake, mizizi ikayakumbatia, watu wakauita mti wa Hardy. Mti ule ulianguka Desemba 2022. Kwa hiyo bendi maarufu kuliko zote ilipiga picha mwaka 1968 kwenye makaburi yaliyokuwa yameipisha reli, mwaka ule ule ambao Dar makaburi yalikuwa yanapisha barabara. Mimi nilipounganisha hizo nukta, usiku ule sikulala vizuri, aisee.

Kitu cha St Pancras kilichonisaidia ni hiki: pale ukitaka kupata penyewe unatazama vitu vidogo. Uzio. Mlango. Jiwe moja. Unaenda na picha mkononi, unasimama mpaka vitu vikae. Hata lile kava la albamu ya Closer ya Joy Division, iliyotoka Julai 1980, halikuishia kuwa "kaburi fulani la huzuni". Linajulikana: kaburi la familia ya Appiani, makaburi ya Staglieno, mji wa Genoa, Italia, picha ya Bernard Pierre Wolff. Waliolala pale wana jina la ukoo. Nikasema, na sisi wa kwetu wawe na jina la mahali, angalau.

Nikarudi geto, nikaweka picha mezani, taa ya simu ubavuni, nikaanza upya.

Kwanza ile nguzo. Nilikuwa nimeiona siku zote kama nguzo tu. Nilipoikuza vizuri nikaona kwenye mwili wake kuna miviringo, kama macho yaliyong'olewa. Mashimo ya duara, yamepangwa. Daah. Mtu yeyote aliyekwenda mahame ya Kaole na wanafunzi wenzake anajua hayo ni nini. Ni mahali palipokuwa na mabakuli ya kauri kutoka China, yalipachikwa kwenye chokaa wakati kaburi linajengwa. Waswahili wa pwani, kuanzia Somalia mpaka huku kwetu, walikuwa wanawajengea watu wao wakubwa makaburi ya mawe ya matumbawe, wanasimamisha nguzo, wanaipamba na mabakuli yaliyovuka bahari na majahazi. Kule Gedi karibu na Malindi kuna kaburi lina tarehe kabisa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hii ilikuwa fasheni ya watu wetu, tena fasheni ya bei mbaya. Bakuli unalokula wali mgeni akija, wewe unalipachika kwenye kaburi la baba yako, jua lilipige, kila anayepita aone.

Kwa hiyo si Kinondoni, si makaburi ya vita. Ni mahame. Sasa mahame yapi? Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo, ndo maarufu. Lakini hata hapa Dar yapo: Msasani, Kunduchi, Mbweni, na Mbwamaji upande wa Kigamboni, ambako zamani tulikuwa tunapahesabu ni Temeke. Watu wanaishi pembeni ya vitu vya mamia ya miaka, wanaviita "yale mawe".

Kaole niliitoa haraka. Nilishapeleka maharusi pale, picha ninazo. Nikaweka nguzo zangu za Kaole pembeni ya nguzo ya babu, hazikukubaliana hata moja. Umbo jingine, ukuta mwingine.

Kisha kivuli. Hapa naomba mnisome taratibu, maana ndo sehemu iliyonipa mzuka kuliko zote. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ukiwa Dar. Kwa hiyo kaburi la Kiislamu hapa kwetu limelala mashariki kwenda magharibi, ili maiti alazwe ubavu wa kulia akielekea Kibla. Ukishajua hilo, kaburi ni dira. Kwenye picha, ukuta mrefu wa kaburi unaonekana vizuri, na vivuli vya wale masela vimelala sambamba nao, virefu. Maana yake jua lilikuwa chini, ama asubuhi mapema ama jioni. Na upande wa kulia wa picha, juu kidogo, kuna kitu kinene kimekatwa na ukingo. Nilidhani ni nyumba. Ni shina la mbuyu.

Mbuyu, nguzo, ukuta wenye fremu za kuchonga: hivyo vitatu kwa pamoja vilinipa Kunduchi. Nikampigia simu mshkaji saa nne usiku. "Kesho tuamke na ndege. Tunaenda Kunduchi."

Kutoka Tandika mpaka Kunduchi ni safari. Daladala mpaka Makumbusho, unaunganisha ya Tegeta, unashuka Mtongani, halafu boda inakuteremsha kuelekea baharini. Zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa mjini, bado uko manispaa ya Kinondoni. Kunduchi watu wanaijua kwa hoteli za ufukweni, samaki na kokoto. Mahame yenyewe yako kimya, kwenye miti. Kuna mabaki ya msikiti uliojengwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, kibla chake kimetazama kaskazini kama inavyotakiwa, na kuna makaburi, mengi yao ya karne ya 18. Baadhi ya nguzo bado zimeng'ang'ania vipande vya kauri; nyingine zimebaki na mashimo tu, maana wezi wa vitu vya kale walifika kabla yetu.

Hatukuingia kama tumefika kwetu. Pale kijijini tulimkuta mzee amekaa barazani anashona wavu. Tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatoka wapi, vijana?"

"Temeke, mzee. Tuna picha ya babu yetu, tunatafuta aliposimama."

Aliitazama, akaweka wavu chini, akavaa kofia yake, akatangulia mbele bila kusema neno. Njiani akaokota kijiti akawa anasafisha majani yaliyoangukia njia. Tukafika kwenye kaburi moja akasimama pembeni, akatuachia sisi.

Nikaiinua picha mbele ya jicho. Nikasogea kushoto, hatua mbili nyuma, nikachutama kidogo. Mambo yakaanza kukaa. Ukuta. Fremu ya kuchonga iliyovunjika pembe ya chini, imevunjika vilevile kwenye picha. Shimo la tatu la bakuli, lina ufa unaoshuka kama radi, umepinda mara mbili. Kwenye picha umepinda mara mbili. Nguzo imeliwa juu, haina urefu ule tena, lakini ufa ni ule ule. Na kulia, mbuyu. Umenenepa, umesogea ndani ya picha.

Mshkaji wangu ni mtu mgumu, wa kukaza uso. Alikaa chini kwenye majani akafunika macho na kofia. Sikumpiga picha pale. Kuna picha ambazo mpiga picha haruhusiwi kuchukua.

Baadaye akaamka, akajifuta vumbi, akataka apande akae juu ya ukuta wa kaburi, mguu mmoja umening'inia, mkono kwenye nguzo, ile mikao ya video. Yule mzee akakohoa.

"Mwanangu, babu yako alikaa juu?"

Tukaitazama tena picha, wote watatu vichwa vimegusana. Na hapo ndo nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakiona kwa wiki zote hizo za kuikuza na kuipima. Masela sita, bugaluu, raizoni za kisigino kirefu, na hakuna mguu hata mmoja uliogusa kaburi. Wote wako nje ya ukuta, wamesimama kwenye njia. Wamejibana, bega kwa bega, yule wa mwisho karibu atoke kwenye picha, ili tu nafasi iwatoshe bila kukanyaga. Na ndo maana hawacheki. Tulikuwa tunadhani wanazuga sura ya kisupastaa. Kumbe wako kwa watu.

Fikiria hao ni vijana wa enzi gani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga marufuku minisketi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, na mitaani watu walisumbuliwa kwa sababu ya nguo. Mavazi ya namna hiyo yaliitwa utovu wa adabu, utumwa wa mambo ya kizungu. Na miaka ya 1970 hawa jamaa na bugaluu zao wakatoka Temeke mpaka Kunduchi, wakasimama mbele ya kaburi la Mswahili wa karne ya 18, wakajua pa kuweka miguu. Nani atasema hawakuwa na adabu?

Tukamuuliza mzee kaburi ni la nani. Akasema wao waliambiwa na wazee wao ni la watu wakubwa wa hapa, na kwamba yeye akipita husalimia. Akasalimia, "Assalaam alaykum", kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyomsalimia jirani, kisha akatuambia tufanye kazi yetu kabla jua halijapanda.

Tulipiga picha kumi na moja tu. Mshkaji kwenye njia, nje ya ukuta, mikono imeshuka. Kivuli chake kimelala sambamba na kaburi.

Niwape na hili, maana wapiga picha na watoto wa video wengi wanalichukulia poa. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa na sheria hiyo. Kunduchi imo, Kaole imo. Ukibandua kipande cha kauri uondoke nacho kama kumbukumbu, huo ni wizi, na sheria iko wazi. Lakini hata bila sheria, chokaa ya miaka 200 haiwezi kubeba mtu anayerukaruka na spika. Nimeona video, sitazitaja, wasanii wamepanda juu ya makaburi ya kale, moshi wa rangi unafuka, maneno ya kifo kwenye mistari, halafu chini wameandika "lokesheni ya hatari". Inauma. Hiyo hatari wanayoitafuta ina baba, ina mama, ina watu ambao mpaka leo wanapita wanaisalimia.

Jioni tulirudi Tandika. Tukamwonyesha bibi, mke wa marehemu, picha mbili kwenye simu: ya zamani na ya asubuhi ile. Bibi haoni vizuri, akaiweka simu karibu na pua.

"Kunduchi," akasema.

Tukapigwa na butwaa. "Bibi, ulikuwa unajua?"

"Shangazi yake alikuwa anakaa Kunduchi. Ndiye aliyemlea. Walikwenda kumpigia muziki, alikuwa anamwoza binti yake. Kulipokucha ndio wakapiga picha." Akarudisha simu. "Mbona hamkuniuliza?"

Hatukumuuliza. Tulizunguka Kinondoni, tukaenda makaburi ya vita, nikasoma habari za London na Genoa, na aliyekuwa na jibu alikuwa jikoni anachambua mchele. Wakati bibi anaongea, nilielewa pia vile vivuli virefu: wamekesha harusini, jua linachomoza, wamechoka, wameshika magitaa, wakaenda kusimama kwa wakubwa wa mahali pale kabla ya kupanda gari kurudi mjini.

Kava limetoka. Jina la ngoma liko juu, jina la mshkaji katikati, na chini kabisa, herufi ndogo: Makaburi ya kale, Kunduchi, Dar es Salaam. Nyuma ya ile picha ya zamani bibi ametuandikisha kwa penseli mahali, harusi ya nani, na majina manne kati ya yale sita. Mawili hayakumbuki.

Sasa na wewe unayesoma hii ukiwa Mbagala, Manzese, Yombo, popote: kama kwenu kuna picha ya bendi ya zamani, itoe nyuma ya kioo, mpelekee mtu mzima wa nyumba leo hii, muulize wapi, lini, na hawa ni akina nani. Nenda na penseli, kalamu ya wino inatokea upande wa pili.